Meza Iliyopiga Muziki

Mtaani walimwita Fundi, basi, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa bado wanajifunza. Kibanda chake kilikuwa upenuni mwa nyumba ya mama yake: meza moja yenye makovu ya chuma cha kuchomelea, rafu ya redio zilizovuliwa maganda, na kiti cha mteja ambacho mguu wake mmoja alikuwa ameufunga kwa waya. Sifa yake haikuwa upole. Mtu akileta redio isiyofaa kutengenezwa, Fundi aliifungua, akaichungulia, akamrudishia mwenyewe.

"Hii imekufa."

"Angalia vizuri, Fundi. Juzi tu ilikuwa inaimba."

"Hata marehemu juzi alikuwa anaimba. Kaizike."

Watu walinung'unika, lakini walirudi. Walijua kwamba siku Fundi akisema kitu kitapona, kitapona. Mwanamke asiyesema uongo hata kwa faida yake ni mali ya mtaa mzima. Ndiyo maana kisa chake kinauma: alidanganya mara moja tu, tena kwa mapenzi, na uongo wa mapenzi ndio mbaya kuliko wote kwa sababu hakuna anayeona haya kuutenda.

Alikuwa na mdogo wake mmoja wa kiume, mpiga kinanda. Wenzake wa bendi walimwita Vidole, na jina lilimkaa. Alikuwa akipiga katika ukumbi mmoja wa starehe na kwenye sherehe za watu, na waliomwona walisema mikono yake ilikuwa na haraka kama ya mtu anayechambua mchele huku mgeni yuko mlangoni. Asubuhi moja, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, kiharusi kikampiga upande wa kuume. Nyumba ilikuwa bado inashukuru kwamba wa kushoto umesalimika, nacho kikarudi kuchukua kilichokuwa kimesahau.

Alipotoka hospitali, kichwa kilikuwa kizima na ulimi ulikuwa mzito kidogo tu. Mkono wa kulia aliweza kuurusha kutoka begani kama gogo, vidole vikiwa vimejikunja visikunjuke. Wa kushoto ulilala pajani, na ndani yake kidole cha mwisho tu ndicho kilichojongea, tena kwa tabu. Bendi walikuja wote siku ya kwanza. Baadaye wakaja wachache. Baadaye wakawa wanatuma salamu. Kinanda chake kilisimama kona ya chumba cha nyuma kimefunikwa shuka, mpaka siku alipomwambia mama yake: "Kitoe. Nikikiona hivyo nahisi kuna maiti humu ndani, tena si mimi."

Mama alikitoa. Alilia jikoni, si mbele yake.

Chumba hicho cha nyuma kilipakana na mashine ya kusaga nafaka ya jirani yao, Msagaji. Ukuta ulikuwa mmoja. Tangu asubuhi mashine ilinguruma, vikombe vikatetemeka kabatini, na watu wa nyumba ile hawakuisikia tena. Kelele ukiizoea inageuka ukimya. Mgeni ndiye aliyeuliza, "Hivi mnalalaje hapa?" nao wakamwuliza, "Kwani kuna nini?"

Wazo lilimjia Fundi kibandani, akiwa anatengeneza saa ya mezani. Ndani ya saa kama hizo kuna kisahani chembamba cha shaba, chenye upana wa sarafu, ambacho ndicho kinachopiga kengele. Alikuwa amekiunganisha kinyumenyume kwenye spika, kwa kujaribu tu, mara bisibisi ikamponyoka ikaangukia meza. Spika ikasema: du! Fundi akagonga meza kwa ukucha. Tik. Akaikwaruza. Spika ikakwaruza. Kitu kilichotengenezwa kupiga kelele, ukikigeuza, kinakuwa sikio. Ukikibandika kwenye kitu chochote kinachotetemeka, kinakusikilizia kila mguso.

Siku chache baadaye aliingia jikoni na gundi.

"Unaipeleka wapi sufuria yangu?" mama akauliza.

"Nataka kumfanyia mwanao kinanda."

"Kwa sufuria?"

"Sufuria, sinia, kioo cha dirisha. Chochote atakachoweza kukigusa. Mtetemo unaingia kwenye kompyuta, kompyuta inaugeuza kuwa muziki."

"Haya. Na mboga nitapikia kinanda?"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie. Fundi alifufua kompyuta kuukuu, akachota mtandaoni programu ya kugeuza mitetemo kuwa noti, akaitega kwa namna ambayo noti mbaya haiwezi kutoka. Mguso wowote, hata wa mbuzi aliyekatiza, ungetoa sauti inayoelewana na mwenzake. Aliona huko ni kumrahisishia mgonjwa. Hakufikiri kwamba chombo kisichoweza kukosea hakiwezi pia kukuambia umepatia.

Sufuria ilishindikana. Vidole aliporusha mkono, sufuria iliruka mpaka chini ya kitanda. Sinia alilipiga likampiga. Kioo hakukifikia.

"Dada, niache," alisema, jasho likimtiririka. "Usinifanye kikaragosi. Mimi nilikuwa mtu."

"Tujaribu meza. Moja tu, halafu nakuacha."

Meza yenyewe ilikuwa ya baba yao marehemu, ya mbao nzito, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, ikawa inayumba. Fundi alibandika kisahani chini yake, akafungua usikivu mpaka mwisho, maana mkono ule haukuwa na nguvu. Vidole akaulaza mkono wake wa gogo juu ya meza, akaegemea kwa kifua.

Ukatoka mlio. Ulikuwa mrefu, mnene, ukipanda na kushuka kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Alipojiinua, mlio ukakatika. Alipoegemea, ukarudi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Umesikia?" Vidole akanong'ona. "Nikisukuma bega inashuka. Umesikia, dada? Inashuka!"

Kisha akalia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni akamwona mama yake.

Kuanzia siku ile nyumba ikabadilika. Vidole alitaka kunyolewa ndevu. Alitaka shati la kola. Alikaa mezani tangu chai ya asubuhi mpaka mchana, akitafuta nyimbo zake ndani ya ule mlio, na akachoka jioni uchovu wa mtu aliyetoka kazini. Jumapili mashine ya Msagaji ilipumzika, lakini Jumapili yeye alipelekwa kukandwa viungo, hivyo hakupiga. Umeme ukikatika, kompyuta na mashine vilizimika pamoja kama mke na mume wasiopenda kuachana. Ikawa hakuna siku hata moja iliyomfungua mtu macho.

Aliyefunguliwa macho ni Fundi, tena kwa beseni la nguo. Vidole alikuwa amepelekwa kuogeshwa, kompyuta ikiwa wazi. Fundi aliingia na nguo mbichi, akalibwaga beseni juu ya meza apumzishe mgongo. Meza ikayumba kwenye mguu wake mfupi, ukingo wake ukagusa ukuta. Na muziki ukaanza.

Alisimama akiitazama meza. Beseni halikuwa na bega la kusukuma, lakini mlio ulipanda na kushuka vilevile. Alilinyanyua beseni: meza ikarudi nyuma, kimya. Akalishusha: muziki. Akaweka kiganja ukutani, akahisi mashine ya jirani ikitetemeka ndani ya matofali. Upande wa pili mtu akamimina gunia la nafaka, mashine ikalemewa, sauti ikashuka. Mashine ilipomaliza kumeza, sauti ikapanda.

Fundi akaketi sakafuni katikati ya nguo mbichi.

Siku ya pili alichomeka kipande cha kadibodi kati ya meza na ukuta, bila kusema, akisema moyoni kwamba huenda kitu fulani cha mdogo wake kitabaki. Vidole akaegemea. Kimya. Akaegemea tena. Akarusha mkono ukaanguka juu ya mbao, ukatoa kishindo kimoja cha kijinga, basi. Aliutazama mkono ule kama mtu anayemtazama mtoto aliyekuwa ameambiwa amepona.

"Waya umelegea," Fundi akasema. "Ngoja."

Akainama chini ya meza, akachomoa kadibodi, akaitia mfukoni. Muziki ukarudi. Vidole akacheka mpaka akakohoa. "Dada, usinitanie tena hivyo! Nilidhani nimekufa mara ya tatu."

Uongo wake ulikuwa na ukubwa ule tu: maneno mawili na kadibodi. Walioanguka vibaya zaidi nao walianza na kidogo kama hicho.

Jikoni alimweleza mama yake. Mama alisikiliza huku akisugua sufuria ambayo bado ilikuwa na alama ya gundi.

"Basi si yeye anayepiga?"

"Ni mashine ya kusaga."

"Hata kidogo?"

"Sijui. Pengine hata kidogo."

"Na unataka kumwambia."

"Mama, mimi nawaambia watu ukweli kuhusu redio. Nitamdanganya ndugu yangu?"

"Redio hailii ukiiambia imekufa." Mama akaifunika sufuria. "Mwache mwanangu ale uongo wake. Ukweli ameshavimbiwa."

Mama alisema kama mama, na mama husamehewa mengi. Fundi hakuwa mama yake. Alijua, na akanyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa kutamu: kila asubuhi alipokewa na mtu anayecheka.

Kisha Kiongozi wa bendi akatuma salamu zenye ncha. Kijana aliyeshika kinanda kwa muda alitaka kujua kama yeye ni mgeni au ni mwenyeji. Bendi ilikuwa inataka kumthibitisha. Vidole akajibu kwa simu, dada yake akiwa amemshikia sikioni: "Msimpe mtu nafasi yangu kabla hamjanisikia. Njooni Jumamosi alasiri. Nina chombo ambacho hamjawahi kukiona."

Tangu hapo hakuzungumza jambo jingine. Angerudi jukwaani. Wangemletea meza, wangeweka taa, angepiga polepole zile nyimbo za mwisho ambazo watu huacha kucheza wakasikiliza. Nafasi ile ilikuwa ndiyo jina lake. Ikienda, hata Vidole lisingebaki, maana nani atamwita mtu hivyo kwa mikono ile?

Naye Fundi akafanya jambo baya kuliko kunyamaza. Alianza kuupamba uongo. Sauti ndogondogo zilikuwa zikichafua muziki, mikwaruzo na vigongogongo vya hapa na pale, hivyo akaiamuru programu ipuuze kila mtetemo mdogo, ipokee ule mkubwa tu. Muziki ukawa safi kama maji ya kuchemsha. Akaulizia kwa Msagaji, kama mtu anayepiga soga, kama Jumamosi atafanya kazi.

"Jumamosi? Ndiyo siku ya wateja kujaa, Fundi. Nitasaga mpaka nitoke mvi, na nisipotoka nitajipaka unga."

Ijumaa, akimnyoa mdogo wake, alifungua kinywa. "Nataka kukwambia kitu kuhusu ile meza."

"Niambie."

Wembe ulikuwa shingoni. Akautoa, akaufuta.

"Unajua, dada," Vidole akasema, macho yamefumbwa, "tulipokuwa watoto mama alikuwa anatuambia sindano haiumi. Wewe ulinivuta pembeni ukaniambia: inauma, lakini inapita. Tangu siku ile sikuwahi kuogopa kitu ukiwepo. Ulisema nini kuhusu meza?"

"Nitaipangusa vumbi," Fundi akasema.

Jumamosi Kiongozi alikuja peke yake, mtu mnene mwenye mkufu na sauti ya kuzoea kipaza sauti. Alimkumbatia mgonjwa, akamwita "bwana mkubwa", akasema amenenepa, ambalo halikuwa kweli. Aliomba kila kitu kirekodiwe, awapelekee wenzake wasikie. Fundi akaanzisha kurekodi muziki na mtetemo wenyewe wa meza. Mama akaleta chai.

Vidole alinyosha shingo katika kola yake. Akaulaza mkono mezani, akaegemea.

Kimya.

Kilikuwa kimya ambacho nyumba ile ilikuwa haijakijua siku za kazi. Vikombe vilitulia. Kwa mbali alisikika mtu anafagia.

"Tulia, ndugu yangu, usiwe na haraka," Kiongozi akasema.

Akaegemea tena. Hakuna. Jasho likamtoka. "Dada, angalia waya."

Lakini Fundi alikuwa ameshatoka. Alimkuta Msagaji ameketi juu ya magunia, mikono imekunjwa, ameridhika na nafsi yake.

"Kwa nini umezima?"

"Si mna mgeni wa muziki? Nimemwona anaingia na mkufu wake. Nikasema, jamani, na mimi nina adabu. Nimewaambia wateja wangoje nje."

"Washa."

"Eh! Fundi, umeanza kupenda kelele lini?"

"Washa, jirani. Nakuomba. Washa usiniulize."

Msagaji alimtazama usoni, akaacha utani. "Haya. Anayeomba kelele apewe kelele."

Aliporudi mlangoni, mashine ilikuwa inapata mwendo, na meza nayo ilikuwa inapiga. Kiongozi alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa. "Naam," alikuwa anasema. "Naam, bwana mkubwa. Hiyo hiyo." Mama alikuwa ameshika kifua.

Vidole hakuwa akiitazama meza. Alikuwa akiutazama ukuta. Mikono ya mpiga kinanda inaweza kufa, lakini masikio hayakuguswa na kiharusi; na katika bendi kitu cha kwanza anachojifunza mtu ni nani ameanza na nani amefuata. Miezi yote ile vyombo viwili vilikuwa vikipiga pamoja tangu asubuhi, asivitenganishe. Leo alikuwa amevisikia vikianza.

Akajiinua. Muziki ukakatika. Kiongozi akapiga makofi.

"Subiri," Vidole akasema.

Akaisukuma meza kwa goti mpaka ikagusa ukuta, akaliacha goti pale. Mkono wake ulining'inia ubavuni. Muziki ukaanza, mzuri, safi, bila mtu. Upande wa pili wakamimina nafaka, sauti ikashuka.

"Ile nafasi," akamwambia Kiongozi, "mpeni yeye."

"Nani?"

"Yule wa upande wa pili. Ana bidii kuliko mimi. Hata chai haombi."

Kiongozi akamaliza chai yake ikiwa ya moto. Alipoondoka aliacha mlango wazi, kama watu wanavyotoka kwenye nyumba ya msiba. Kijana wa kinanda alithibitishwa wiki hiyo hiyo.

"Ni mimi niliyemwambia anyamaze," mama akasema. "Nikasirikie mimi."

"Wewe kazi yako ni kunibembeleza, mama. Sina neno na wewe." Hakumgeukia dada yake. "Yeye ndiye kazi yake ilikuwa kuniambia."

Fundi alizima kompyuta, akarudi kibandani, akakaa mbele ya redio ya mtu bila kuifungua.

Siku nyingi zilipita ndipo alipoisikiliza ile rekodi, kwa nia ya kuifuta. Alifungua sauti mpaka mwisho kwenye kile kipande cha mwanzo, kile kimya kabla hajakimbilia kwa Msagaji. Kuna kitu kilikuwa kinagonga. Tik. Tik, tik. Akairudisha. Kilikuwa kidogo kama mchwa ndani ya mlango, lakini kilikuwa na mwendo, na mwendo ule aliujua: ndivyo Vidole alivyokuwa akiwahesabia wenzake kabla ya wimbo kuanza. Ni kile kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kwa kuegemea, mkono ule nao ulikuwa umefika mezani. Mashine ilikuwa imezimwa, na kwa hiyo, mbele ya watu wote, Vidole alikuwa amepiga. Programu ndiyo iliyompuuza, kama ilivyoamriwa.

Ile mikwaruzo aliyoifuta ili muziki uwe safi. Ile ndiyo ilikuwa ndugu yake.

Hakungoja. Aliivuta meza mbali na ukuta, akauwekea ule mguu mfupi kipande cha mpira, akabadilisha alichokuwa amekitega. Alimkuta Vidole kitandani, ameelekea dirishani, ndevu zimeota tena. Akampigia rekodi.

"Sikiliza. Mashine ilikuwa imezimwa hapo. Huyo ni wewe."

Tik. Tik, tik.

"Kidole cha mwisho. Kimoja kinatosha kuanzia. Meza nimeisogeza. Hakuna kingine kinachoigusa, naapa. Njoo ujaribu mwenyewe."

Vidole alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa muziki. Kwa kitambo uso wake uling'aa kama ulivyokuwa uking'aa zamani jukwaani. Kisha ukazimika.

"Nitajuaje, dada?"

Upande wa pili Msagaji alikuwa kazini, na vikombe vilikuwa vikitetemeka kabatini. Fundi alijipekua atafute kitu cha kumpa ndugu yake ambacho hakikupitia mikononi mwake, akakosa. Kompyuta aliifufua yeye. Waya aliuchomelea yeye. Hata kiapo kilikuwa chake.

Akanyosha mkono aushike ule wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kinajongea juu ya shuka, taratibu, kikihesabu. Vidole naye akakiona. Akajigeuza kwa tabu kuelekea ukutani, mkono ukamfuata, ukaingia chini ya shuka.